Banda Lisilofagiwa

Nawaogopa kuku.

Jambo hili nimelikana maisha yangu yote ya kazi. Nimelikana mbele ya mabosi, mbele ya wanakijiji, na mbele ya marehemu mume wangu, ambaye aliniona kwa macho yake nimepanda juu ya debe nikimkimbia tetea mwenye vifaranga. Nilimwambia natafuta chumvi kwenye rafu. Chumvi ilikuwa mkononi mwangu. Sasa nimestaafu, hakuna wa kunifukuza kazi tena, basi na ijulikane: Bibi Mifugo wa Kilwa, msomi wa chuo kikuu, aliyetumwa na serikali kuwafundisha watu wa pwani kufuga kuku, hakupenda kumgusa kuku wala kuguswa naye. Jicho la kuku linanikera. Halina haya. Linakutazama kwa upande, kama karani anayejua kuwa faili lako limepotea na hana mpango wa kulitafuta.

Nawaambia haya ninyi vijana mnaonijia nyumbani na vyeti vipya na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, kwa kazi ya kuku! Mnaniuliza kuku wanaokoroma wapewe dawa gani, na kabla sijafungua mdomo mmeshanitajia majina ya chupa. Nikiwauliza, "Sakafu ikoje?" mnatazamana. Mnadhani mama kazeeka, anaota mchana.

Mama haoti. Mama alijifunza sakafu kwa sababu ya woga. Wenzangu pale chuoni walikuwa mashujaa, walimkamata kuku, wakampanua mdomo, wakampuliza manyoya ya mkiani, wakajua habari za kuku huyo mmoja. Mimi nilisimama nyuma nimeinamisha kichwa, na kwa kuwa nimeinamisha kichwa nikaona wanachokikanyaga wote kwa pamoja. Mzee aliyetufundisha kazi za mikono aliniona. "Binti," akaniambia, "naona wewe utakuwa mganga wa sakafu." Wenzangu wakacheka. Na mimi nikacheka, nikimtazama jogoo kwa pembe ya jicho.

Kwa hiyo sikilizeni habari ya matandazo, kwa sababu hakuna mnachokiharibu kwa bidii kubwa kuliko hicho.

Unamwaga kitu kikavu sakafuni, kina chake shibiri moja: makapi ya mpunga, maganda ya karanga yaliyopondwa, maranda ya seremala. Unawaacha kuku wanye humo na kuchakura humo. Ukiona pamepungua unaongeza juu. Unageuza kwa reki, au unawatupia mtama kidogo wakugeuzie wenyewe bila mshahara. Na hufagii. Hufagii wiki hii, hufagii mwezi ujao, hufagii mpaka kundi lile limemaliza kazi yake. Kinyesi kikichanganyika na makapi kinaoza polepole, kinapata joto, kinageuka udongo mweusi usio na harufu yoyote ila ile ya shamba baada ya mvua. Hata siku ya kuyatoa, bakisha kidogo pembeni uchanganye na mapya, kama unavyobakisha maziwa ya mgando ya jana kugandishia ya leo.

Ninyi mnafanyaje? Mnamwaga maranda mapya kila Jumamosi kama mnamtandikia kitanda bwana harusi. Ya zamani mnayatupa, mnajisifu kwamba banda linanukia mbao. Masika ikiingia mnakuja kwangu mnalia.

Kuyapima hakuhitaji chombo. Chota konzi moja, fumbata. Yakibaki donge, yamelowa; tafuta chombo cha maji kinachovuja kabla hujatafuta mchawi. Yakiruka vumbi, yamekauka mno, na kuku watakohoa. Mazuri hushikana kidogo, kisha huvunjika ukiyagusa kwa kidole gumba. Mnauliza kama mnaweza kuvaa glavu. Vaeni. Glavu haihisi unyevu, lakini mtapendeza. Halafu chutama, pua yako iwe usawa wa kichwa cha kuku, uvute pumzi. Macho yakikutoka machozi, fungua madirisha, ongeza makapi. Ninyi mnasimama mlangoni mmeshika viuno, pua iko juu kama bendera, mnasema hewa ni safi. Safi kwenu. Mimi nilichutama kila banda kuanzia Kinjumbi mpaka Kilangala, mgongo umegota ukutani ili asinijie kuku kwa nyuma. Watu walisema ni mtindo wa kitaalamu. Sikuwasahihisha.

Chokaa ya kuchanganya na matandazo msiniulize. Ya kwetu hutokana na matumbawe yaliyochomwa, ni kali, inaunguza. Mwaka wangu wa kwanza niliimwaga kwa mkono mpana, maana kitabu kilisema "kiasi cha kutosha", na mimi nilikuwa na shahada, nikajua kutosha ni nini. Kuku wakawa wanatembea kwa kunyanyua miguu juu kama wanawali wanaovuka tope na nguo mpya. Nikaandika kwenye taarifa kwamba kundi lina uchangamfu.

Sasa Pande.

Nilipangiwa Pande katika miaka ile ya vijiji vya ujamaa, watu walipokuwa wameshahamishwa kutoka mashambani mwao na kukusanywa pamoja. Nyumba zilikuwa zimepigwa mstari na mpimaji asiyejua upepo unatokea wapi. Kijiji kilikuwa na bango kubwa, mlingoti wa bendera na mwenyekiti. Mwenyekiti huyo alijua kusema "kwa niaba ya" kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Hata akikohoa ungedhani anakohoa kwa niaba ya kamati.

Mradi wa kuku ulikuwa wa kina mama, na mkubwa wao alikuwa Bi Somoe, mjane, mwembamba, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Mikorosho yake ilibaki mahame kule alikohamishwa, mwendo wa nusu siku, inaangushia ngedere korosho. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia marahaba, akanishika mkono, akanipeleka bandani moja kwa moja.

"Hapa kila kitu cha kijiji," akaniambia. "Shamba la kijiji. Duka la kijiji. Hata jua hili naona la kijiji. Banda hili tumekata fito wenyewe, tumesuka makuti wenyewe, tumekandika wenyewe. Kuku hawa wetu. Nikiamka asubuhi, nina pa kwenda ambapo ni pangu. Umenielewa, mwanangu?"

Nilimwelewa. Kisha, kwa kuwa nilikuwa msomi, nikaharibu. Nilitundika ubao kwenye nguzo, nikachora sakafu, nikachora vijidudu vikila kinyesi, nikaandika jina la hewa inayowasha macho kwa herufi za kikemia. Kina mama walikaa kwa adabu, kama watu wanaosikiliza hotuba ya mgeni rasmi njaa ikiwauma.

"Yaani tusifagie?" Bi Somoe akauliza nilipomaliza.

"Msifagie, mama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kuku hawa wazeeke."

Kicheko kikapita. Mama mmoja nyuma akasema, "Mtu wa milimani huyu. Kwao hawafagii."

Ni kweli nimetoka milimani, Mmatumbi, Mkatoliki, na kwetu tunafagia, asanteni. Lakini mwanamke wa pwani na ufagio wake ni habari nyingine. Kabla hajamsemesha mtu asubuhi ameshafagia uwanja. Uwanja usiofagiwa maana yake mwenye nyumba mgonjwa, au amekufa na majirani hawajui. Na mimi nilimwomba mtu wa namna hiyo aache kinyesi cha miezi ndani ya nyumba aliyoikandika kwa mikono yake. Kile chuo changu chote hakikunifundisha kuona uzito wa ombi hilo.

Tulianza kiangazi, kama inavyotakiwa, ili matandazo yapate nguvu kabla ya mvua. Makapi yalikuja na lori. Maganda ya karanga yalikuwapo. Maranda tuliomba kwa mafundi wa mashua, yakaja yananuka sifa, mafuta ya papa, hata kuku weupe wale wa kisasa walioletwa ndani ya masanduku kutoka Dar wakawa wanapiga chafya. Yakapoa. Masika ilipokaribia sakafu ilikuwa nzuri mno, nyeusi, ya vuguvugu. Nilikuwa naipitia mkono kama watu wanavyompitia mkono mtoto kichwani. Nikaenda zangu kutembelea vijiji vingine, moyo mweupe.

Niliporudi mvua zilikuwa zimeshika. Bi Somoe alinipokea na leso mpya. "Karibu, mwanangu. Leo utafurahi."

Nikafungua mlango. Banda lilikuwa limefagiwa mpaka udongo wa chini. Juu ya udongo wamemwaga mchanga mweupe wa ufukweni, umesawazishwa, una mistari ya ufagio iliyopinda vizuri, kama uwanja wa msikiti asubuhi ya Idi. Yale matandazo yote, kazi ya kiangazi kizima, yametupwa nje, mvua inayanyeshea.

"Nani kafanya?" sauti yangu ilitoka kama ya kuku.

"Sote," Bi Somoe akasema kwa fahari. "Mgeni anakuja, atakuta uchafu? Tumeona haya."

"Mgeni gani?"

"Wewe."

Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Masika nzima haukauki. Kuku walijikunja pembeni, kinyesi kikawa uji, hewa ikawa ya kuchoma. Wakaanza kuharisha damu, wakaanza kufa. Si wote, lakini wa kutosha kumnyamazisha Bi Somoe, jambo ambalo hata operesheni ya kuwahamisha haikuliweza. Bosi wangu wilayani, mtu aliyewajua kuku katika pilau tu, akaniletea waraka kwamba vifo vimetokana na uchafu na banda lifagiwe mara mbili kwa siku. Niliukunja vizuri nikaziba nao tundu la panya.

Ubao nikauacha. Nilimwita Bi Somoe pembeni, nikamwuliza anavundikaje ndizi. Akaniambia: unachimba, unatandika majani, unapanga, unafukia, unaacha.

"Ukifukua kila siku kutazama?"

"Haziivi. Joto linatoka."

"Basi mama, humu tunavundika."

"Sasa si ungesema hivyo toka mwanzo," akasema, "badala ya kutuchorea wadudu?"

Nawaambia hili ninyi wa semina, wenye karatasi zenye mishale. Mshale mwingine unatoka kwenye kichwa chako na kurudi kwenye kichwa chako.

Tukaanza upya. Makapi, karanga, maranda. Hakuna aliyegusa ufagio. Mama mmoja aliyeonekana nao karibu na banda alizomewa mpaka kwake. Kuku wakanenepa, wakaanza kutaga, mayai yakawa yananunuliwa na mpishi wa nyumba ya wageni Kilwa Masoko, na kila mwanachama akawa anapata mgao wake nyumbani. Bi Somoe akaanza kutembea katikati ya njia. Ndipo akaamka Mwalimu Hamisi.

Mwalimu Hamisi alifundisha chuo cha Kurani na kusalisha msikitini. Mtu mnyoofu, mkavu, mwenye kikohozi kisichoisha, na mkewe alikuwa mwanachama wa mradi. Hakuwa na ubaya wowote. Ila alikuwa amesoma, na mnajua watu waliosoma tulivyo. Watu wa pwani wana desturi: kuku wa kuchinja akiwa ni mla uchafu, anafungiwa siku tatu mahali safi, anapewa chakula safi, ndipo anachinjwa. Mwalimu akaitafakari desturi hiyo, akalitafakari banda letu, na baada ya swala ya Ijumaa akauliza mbele ya watu: kuku anayeishi juu ya kinyesi chake usiku na mchana, anayekichakura na kukidonoa, si mla najisi? Nyama tutamfungia siku tatu. Na yai je? Yai utalifungia wapi?

Swali zuri. Nikiri lilinikosesha usingizi, maana kwenye chuo changu hatukufika huko.

Mwenyekiti ndiye aliyelipenda zaidi. Msimu wa korosho ulikuwa unakaribia na alikuwa akitafuta pa kuwekea magunia. Akaitisha mkutano. Kwa niaba ya kamati akasema mambo mawili: ama banda lifagiwe kila siku lisibaki na kinyesi hata punje, ama mradi ufungwe, kuku wapelekwe shule ya bweni, na banda liwe ghala. Bi Somoe alinigeukia. Wote wawili tulijua. Kufagia maana yake ni masika ileile, mchanga uleule, kuku kufa mmoja mmoja mpaka banda liwe ghala lenyewe bila kuitishiwa mkutano.

"Mwalimu," Bi Somoe akasimama, "kwa heshima yako. Kuku wa kienyeji wanaozunguka nyuma ya vyoo vyetu, wanakula nini?"

"Wale wanatembea," Mwalimu akajibu.

"Wanatembea kwenda wapi? Si chooni?"

"Wanakwenda na wanarudi, Bi Somoe. Hawakai. Hao wako wanakaa."

"Kwa hiyo mwizi akitembea si mwizi?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti akagonga meza. "Tusiingize masihara. Hebu tumwulize mtaalamu. Bibi Mifugo, tangu umekuja kijijini hapa, nani amewahi kukuona umeshika kuku?"

Nikageuka kutazama watu, nikijifanya nami nasubiri jibu.

"Hayupo," akaendelea. "Unaingia, unachutama, unashika makapi, unatoka. Kuku humgusi. Mimi naona hata wewe moyoni mwako unajua ni najisi."

Hapo mnaona woga unavyoweza kumponza mtu. Ningesema kweli wangenicheka mpaka Lindi. Nisiposema, nimewasaliti kina mama. Mwenyekiti akaagiza kuku aletwe. Akaletwa tetea mweupe, mkubwa, ameshikwa miguu, kichwa chini, na lile jicho linanitafuta.

Nilimpokea. Nilimkumbatia kwa mikono miwili kama ninavyoona watu wakibeba mtungi. Nilifumba macho. Alikuwa wa moto, na moyo wake ulikuwa unakimbia sawasawa na wangu, jambo ambalo halikunituliza hata kidogo.

"Mbona umefumba macho?" sauti ikauliza.

"Vumbi," nikasema.

Mkutano mzima ukasubiri. Kuku naye akasubiri kidogo, kisha akaninyea kifuani.

"Alaa!" mtu akapiga kelele. "Sasa na Bibi Mifugo naye afungiwe siku tatu!"

Hata Mwalimu Hamisi alicheka, akakohoa, akacheka. Mkutano ukavunjika pasipo uamuzi, ila si kabla Bi Somoe hajapata neno la mwisho. Alisubiri kelele zipungue, akasema kwa upole wa kutisha: "Mwalimu, wewe si ulisoma kwa sheikh wa Lindi? Na aulizwe yeye. Akisema ni najisi, mimi mwenyewe nitawafungulia kuku mlango, na fito nitabomoa kwa mkono wangu. Akisema si najisi, nisisikie tena habari ya ghala."

Mwalimu akakubali. Mwenyekiti akakubali pia, kwa niaba ya wote, akijua Lindi ni mbali na barua huchukua muda, na korosho hazingoji barua.

Lakini posta ya Kilwa Masoko ilikuwa na simu. Nilimpa salamu dereva wa lori la kwenda Lindi, akamfikishia sheikh: Jumatano baada ya adhuhuri, tafadhali awe posta ya Lindi. Siku hiyo tukaenda wanne juu ya magunia ya lori: Mwalimu kwa kanzu iliyopigwa pasi, mwenyekiti kwa shati la mikutano, Bi Somoe kwa kanga ambayo nadhani alikuwa ameiweka kwa ajili ya mazishi, na mimi. Njia nzima Bi Somoe alitazama msitu tu. Nilimwuliza kama anaumwa. Akaniambia, "Nawaza zile fito, mwanangu. Tulizikata kutwa nzima, jua kali. Sitaki kuzibomoa."

Ninyi hamzijui simu zile. Unaomba kwa karani, unakaa kwenye benchi, karani anazungusha, anapiga kelele "Lindi! Lindi!", anakata tamaa, anakunywa chai, anazungusha tena. Ikipatikana, unapiga kelele wewe, na chombo chenyewe kinapiga kelele kwa jinsi yake, hata foleni nzima inasikia mambo ya pande zote mbili. Foleni siku hiyo ilikuwa ndefu. Watu wa pensheni, mwanajeshi mmoja, kina mama wa stempu. Karani akamwita Mwalimu Hamisi. Akakishika chombo kwa mikono miwili.

"Assalaam alaykum, Sheikh!"

"Waalaykum salaam. Hamisi? Kikohozi hujaacha?"

"Bado, Sheikh. Sheikh, nina suala la kuku."

Foleni ikageuka yote.

Alilieleza vizuri, nampa haki yake. Hakuongeza, hakupunguza. Alieleza makapi, alieleza kinyesi, alieleza kwamba hawafagii, alieleza hata kwamba kinageuka udongo. Mwenyekiti alikuwa anatikisa kichwa kila neno, kama aliyelitunga yeye. Bi Somoe alikuwa amefumbata ncha ya kanga.

"Wa kuchinja wafungieni siku tatu mahali safi, kama kawaida," sauti ya Lindi ikasema. "Hilo mnalijua. Unaniuliza mayai."

"Mayai, Sheikh."

"Yana harufu ya uchafu?"

"Hayana, Sheikh."

"Rangi imebadilika?"

"Haikubadilika."

"Ladha?"

Mwalimu akatazama ukuta, palipokuwa na tangazo la stempu. "Ladha ni nzuri, Sheikh."

"Umejuaje?"

"Imeonjwa, Sheikh."

"Na nani? Hilo ni jambo la ushahidi, Hamisi. Na mtu mwaminifu?"

Angeweza kutaja mtu yeyote. Alikuwa na kijiji kizima cha kutaja, na mwenyekiti alikuwa pembeni yake anamwashiria kwa mkono: taja, taja yeyote, maliza.

"Mimi, Sheikh."

"Wewe." Waya ukakoroma kidogo. "Mara moja?"

"Kila asubuhi, Sheikh. Mke wangu ananichemshia, kwa ajili ya kifua."

"Tangu lini?"

"Tangu kuku walipoanza kutaga."

"Na leo?"

Mwanajeshi alivua kofia.

"Na leo, Sheikh. Kabla ya safari."

Sheikh akasema, si kwa ukali, kama mtu anayemrudisha mtoto darasani:

"Sasa, Hamisi, unaniuliza nini?"

Karani wa Lindi akaingilia kwenye waya: "Kilwa, muda wenu umekwisha. Niwaongeze?"

Mwalimu Hamisi akamtazama Bi Somoe, akamtazama mwenyekiti, akakisogeza chombo karibu na mdomo.

"Usiongeze, mwanangu," akasema. "Yametosha."